Kumlaki Bwana si kutoroka dunia

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja na joto hili. Habari za Shakahola sitazirudia. Miili zaidi ya 400 ya watu wanaosemekana kufundishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, iliyofukuliwa kule Kilifi kuanzia Aprili 2023 kila mtu humu anaijua, kesi iko mahakamani, na mahakama ifanye kazi yake. Nina neno moja tu leo. Nimelisema mara nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu watu wetu wanaumia kwa kulisoma kinyume.

Fungueni 1 Wathesalonike 4:17. «Tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu, ili tumlaki Bwana hewani.» Mahubiri ya unyakuo mnayoyasikia yamejengwa juu ya «tutanyakuliwa». «Tumlaki» linapitwa tu, kama abiria aliyelala kwenye matatu akapitishwa kituo chake. Na hapo ndipo penye shabaha ya sentensi yote: tutanyakuliwa *ili* tumlaki. Kunyakuliwa ni njia tu. Kinachotafutwa ni kulaki.

Sasa nyinyi ni watu wa pwani, kulaki hamfundishwi. Shangazi anakuja na treni kutoka Nairobi. Mnatoka Kisauni jioni, mnafika stesheni ya Miritini, mnasimama nje mkiangalia watu wanavyomiminika. Akitokea, mmoja anapokea begi, mwingine kikapu, wa tatu anamshika mkono anamuuliza habari za safari. Halafu? Halafu mnageuka naye, mnarudi nyumbani, ambako ua umefagiwa, shuka safi zimetandikwa na wali wa nazi umefunikwa. Hakuna aliyekwenda kumlaki mgeni Miritini akapanda naye treni kurudi Nairobi. Akifanya hivyo hakwenda kulaki, alikuwa na safari yake.

Ndugu zetu Waislamu mlioketi upande huu, karibuni sana, nanyi mnajua neno hili limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni kukutana. Kiswahili kimelichukua kikaliongezea adabu: kumlaki mtu ni kumtokea njiani kwa heshima, umwingize ndani.

Mtu atasema, huyo anatuchezea maneno ya Kiswahili, Paulo aliandika Kigiriki. Vizuri, twende kwenye Kigiriki. Neno ni *apantesis*. Litazameni mahali pengine pawili. Mathayo 25:6, usiku wa manane: «Haya, bwana arusi, tokeni mwende kumlaki.» Wale wanawali watano wenye mafuta wanatoka, wanakutana na bwana arusi, kisha wanaingia pamoja naye arusini. Hawaendi naye alikotoka. Matendo 28:15, ndugu wa Rumi wanasikia Paulo anakuja, wanatoka mjini mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Soko la Apio ni zaidi ya kilomita 60 kutoka Rumi, watu walitembea. Walipompata walirudi naye Rumi. Mahali pawili, neno lile lile, na mara zote mwendo unaishia kule mgeni alikokuwa anakwenda. Hata Yohana Krisostomo, aliyekuwa akihubiri kwa Kigiriki katika karne ya 4, alipofika kwenye aya hii aliifafanua kwa mfano wa mfalme anayeingia mjini, na wenye heshima wakitoka kwenda kumpokea.

Ndipo unaelewa Ufunuo 21. Mji mtakatifu *unashuka*. Sauti inasema maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu. Mgeni anakuja hapa.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mathayo 24, wawili kondeni, mmoja atwaliwa na mmoja aachwa. Rudini nyuma aya moja, tafadhali, aya moja tu! Aya ya 39: gharika ikaja, ikawachukua wote. Waliochukuliwa siku za Nuhu ni akina nani? Ni waliozama. Aliyebaki ni Nuhu. Aya hiyo inayotumiwa kuwatisha watoto kwamba wataamka waikute nyumba tupu, ukiisoma kwa mpangilio wake, aliyeachwa ndiye aliyesalimika. Yohana 14:3 ni hoja nzito zaidi, sikatai, «niwakaribishe kwangu». Lakini kukaribishwa kwake hakulazimishi dunia kutupwa, na katika sura ile ile, aya ya 23, Baba na Mwana ndio wanaokuja kufanya makao kwa anayempenda.

Na mjue fundisho hili la kuja mara mbili, kwanza kimyakimya kuwachukua walokole, kisha hadharani baada ya dhiki, lilienezwa na mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, na likasambaa kwa maelezo ya pembeni ya Biblia ya Scofield ya 1909. Kabla ya hapo Wakristo wa mashariki na magharibi walikiri kuja kumoja: atakuja tena kuwahukumu walio hai na waliokufa. Sisemi ni kosa kwa sababu ni jipya. Nasema anayekwambia ndiyo imani ya mitume, mwombe akuonyeshe.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu anayetoroka na anayelaki hawaishi maisha mamoja. Anayetoroka anauza kitanda, anaacha dawa, anamtoa mtoto shule, maana vitamfaa nini? Anayengoja mgeni anapaka nyumba chokaa. Wathesalonike wenyewe walikosea hapa hapa. Barua ya pili inaonyesha walikuwa wametishwa na barua iliyojifanya imetoka kwa Paulo, ikisema siku ya Bwana imekwisha kuwapo. Jibu lake liko sura ya 3: asiyetaka kufanya kazi, asile. Tangu karne ya kwanza, habari za uongo kuhusu mwisho zinaacha majembe yamelala.

Sasa tarehe ambazo watu wamezipanga za kuja kwa Bwana. Hapa naomba mtoe kalamu, kwa sababu hesabu hizi zikiandikwa ubaoni zinapoteza nguvu.

William Miller, mkulima wa jimbo la New York. Alichukua Danieli 8:14, jioni na asubuhi 2300. Hatua ya kwanza, kila siku ni mwaka, kwa Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Hatua ya pili, tafuta mwaka wa kuanzia: akachagua 457 kabla ya Kristo, amri ya Artashasta kwa Ezra. Hatua ya tatu, 2300 toa 457, ni 1843. Mwaka ukapita. Ndipo wakakumbuka kwamba hakuna mwaka wa sifuri: kutoka mwaka 1 kabla ya Kristo unaruka moja kwa moja hadi mwaka 1 baada yake, kwa hiyo ongeza 1. 1844. Mfuasi mmoja akaipeleka hadi siku yenyewe, 22 Oktoba. Kuna wakulima walioacha viazi shambani bila kuvichimba. Kukacha tarehe 23.

Mwaka ule ule wa 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika hapa Mombasa. Julai akamzika mkewe Rosine, kaburi liko Nyali hadi leo. Na katika mwaka huo wa msiba alikuwa anatafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Wale wanangoja, huyu anaandaa nyumba.

Hesabu ya pili, ya 1914, ya Mashahidi wa Yehova. Nyakati saba za Danieli 4 mara siku 360 ni 2520. Mwaka wa kuanzia 607 kabla ya Kristo. 2520 toa 607 ni 1913, ongeza 1. Safi kabisa, ila Yerusalemu iliangushwa na Wababeli 587 au 586, si 607. Miaka 20 imetoka wapi? Ya tatu, Harold Camping wa Marekani: Gharika 4990 kabla ya Kristo, siku saba za Mwanzo 7:4 ziwe miaka 7000 kwa 2 Petro 3:8. 7000 toa 4990 ni 2010, ongeza 1. 21 Mei 2011. Mabango yalijaa barabarani. Siku ikapita, akasogeza hadi 21 Oktoba.

Mnaona mtambo unavyofanya kazi? Kutoa na kujumlisha kuko sawa siku zote, ndiyo maana msomi anaridhika. Panapovunjika ni pawili. Mwaka wa kuanzia unachaguliwa kwa sababu jibu linaangukia karibu na maisha ya mwenye kuhesabu. Na kipimo hakisimami: kwa Miller siku ni mwaka, kwa Camping siku ni miaka elfu. Tia kipimo cha Camping kwenye 2300 za Miller upate miaka 2,300,000. Nani aliyewaambia pale ni kile na hapa ni hiki? Tena mstari wenyewe unasema jioni na asubuhi, na wapo wanaosoma hapo sadaka mbili za kila siku, yaani siku 1150.

«Siku na saa hatujui, lakini mwaka tunaweza kuujua.» Nimeichoka hoja hii. Matendo 1:7: «Si kazi yenu kujua nyakati wala majira.» Majira! Mwaka haumo humo? Na niwe mwadilifu: Kanisa la Waadventista Wasabato, lililozaliwa kutoka kwa watu wa Miller na kuundwa rasmi 1863, halipangi tarehe. Waliumia, wakajifunza.

Muda umekwenda. 666, namba ya mnyama, kwa haraka. Ufunuo 13:18 inasema ni hesabu ya kibinadamu. Andikeni Neroni Kaisari, mtawala wa Rumi, kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ni namba: nun 50, resh 200, waw 6, nun 50, kof 100, samekh 60, resh 200. Jumlisheni, ni 666. Ukiliandika jina kwa namna ya Kilatini, nun ya mwisho inaanguka, zinabaki 616, na nakala za kale zenye 616 zipo kweli, Askofu Irenayo alizijua katika karne ya 2. Kwa hiyo watu waliokataa kusajiliwa Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali ya Kenya, mwaka 2019 wakiogopa chapa ya mnyama, hofu yao ilikuwa ya kweli lakini iliwekwa pasipo pake. Miaka elfu ya Ufunuo 20 naiacha, inataka jioni yake.

La mwisho. Ukiletewa tarehe, omba karatasi. Uliza mwaka wa kuanzia ni upi na nani aliuchagua. Lakini ukiambiwa uache vidonge vya presha, au ufunge hata maji, au umtoe mtoto shule, hapo usiombe karatasi yoyote. Ondoka na watoto, nenda kwa chifu siku hiyo hiyo, na waambie ndugu zako umekwenda wapi.

Haya, maswali. Kipaza sauti kipelekeni kwa mama yule wa nyuma kabisa, ameinua mkono tangu tulipokuwa Miritini.