Baba Yuko Nyumbani, Lakini Amevaa Viatu

(Mhadhara kwa akina baba waliojiajiri, ukumbi wa kanisa, Donholm, Nairobi, Jumamosi asubuhi. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Hamjambo wazee. Hamjambo pia akina mama mlioketi huko nyuma. Nimewaona, na nimeona mmekuja na kalamu.

Nianze na mwalimu wa binti yangu. Binti alikuwa Gredi ya Pili, na kazi ya nyumbani ilikuwa kueleza watu wa familia yake wanafanya kazi gani. Mtaala huu wetu mnaujua: mtoto akipewa kazi, mzazi ndiye anayetoka saa mbili usiku kutafuta gundi na maboksi. Ya mama ilikuwa rahisi. Mama ni nesi, akachorwa na kofia nyeupe ambayo hajawahi kuivaa. Kwangu mimi akaandika sentensi moja: "Baba yangu anasikiliza watu wakibishana, halafu anawaandika." Wiki iliyofuata nilipokwenda shuleni kwa habari ya pesa za basi, mwalimu alinipokea kwa heshima ambayo sijaizoea. Aliniita afande.

(Kicheko.)

Mimi si polisi. Mimi hunukuu sauti. Watafiti huketi na watu vijijini na mitaani, wanawarekodi, wananitumia kanda, nami naigeuza kuwa maandishi: Kiswahili, Sheng, mara nyingine Kiswahili kilichojaa Kikamba. Saa moja ya sauti safi hunila saa nne za kazi. Kikao cha watu wanane wanaodakiana maneno, jogoo akiwika nje, hunila saa sita au saba. Kazi hiyo naifanyia nyumbani, mtaa wa Umoja, kwenye kona ya chumba cha kulala, mwaka wa tisa sasa. Kwa hiyo binti yangu hakukosea hata neno. Aliandika alichokuwa akikisikia mlangoni, maana alichokuwa akikiona ni mgongo wangu na hedifoni.

Mwingine asiyeielewa kazi yangu ni mama mboga wa pale getini. Miaka miwili ya kwanza, kila nikishuka saa nne kununua sukuma, ananiuliza kwa huruma, "Kastama, leo pia hukuenda kazi?" Siku moja aliniongezea nyanya mbili za bure. Nilizichukua.

Sasa, huyu mama hana kosa. Mji huu ulimfundisha hivyo. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na kwa miaka mingi Nairobi ikajengewa wanaume wasio na wake. Si kwamba hawakuwa nao, ila walibaki mashambani. Mkoloni alimtaka mwanamume na mikono yake, akamning'inizia shingoni kitambulisho kilichoitwa kipande, akampa pa kuweka kitanda. Babu yangu alikaa kwenye zile landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Muthurwa. Kwa baba yangu, kwa hiyo, baba alikuwa mtu wa Disemba: anafika na mkate, sukari na majani, anawachapa wote waliosemewa mwaka mzima, anapanda gari anarudi. Baba yangu naye akasogea karibu kidogo. Alirudi kila usiku, tukiwa tumelala. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo huu kuonwa na watoto saa nne asubuhi ya Jumanne nikiwa na afya njema, na hakuna aliyenionyesha mtu huyo hukaa vipi.

Lakini tukienda nyuma ya reli, kuna kitu. Waulizeni wazee wa Kikuyu habari za thingira, au Wajaluo habari za duol: nyumba ya mwanamume ndani ya boma lake mwenyewe. Humo alipokea wageni na kusikiliza kesi, na mvulana alikuwa papo hapo akichochea moto na kusikia yote. Kufanya kazi nyumbani hakukuletwa na intaneti, wala na korona. Kilicholetwa na intaneti ni kazi isiyoonekana. Jembe likitiwa mpini mtoto ataliona. Faili haioni. Na mbaya zaidi, kisanduku ninachofanyia kazi ndicho hicho hicho anachotazamia katuni, kwa hiyo anavyojua yeye, baba amejifungia na katuni peke yake.

Baada ya ile habari ya afande niliamua kumwonyesha. Kanda za wateja siwezi kumpa, ni siri za watu. Nikampigia simu shosho yake, nikamrekodi dakika mbili akieleza habari za ng'ombe aliyeingia kwa jirani. Nikamvisha binti hedifoni, nikamwambia andika kila neno. Dakika mbili hizo zilimchukua jioni nzima. Alirudisha nyuma, akarudisha nyuma, akauliza kama kukohoa kunaandikwa. Mwishowe akavua hedifoni akasema, "Baba, shosho anasema 'yaani' sana." Tangu siku hiyo hajanigongea mlango kuuliza namaliza lini. Anauliza wako wangapi leo, na kama wanadakiana.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Niwape ngumu.

Mtoto wa pili alizaliwa mwaka 2019. Nilikuwa nimemwahidi mteja saa tisa za sauti kufikia Ijumaa. Uchungu ukaanza Jumatano. Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi, laptopu mapajani, chaja nimeichomeka kwenye soketi ya friji ya soda. Kanda ilikuwa ya mkutano wa maji, na kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila mtu akifungua mdomo yeye husimama: "Bwana mwenyekiti, hoja ya nidhamu!" Sauti yake ilizamishwa na kelele, nikawa nairudisha mara ya tatu, mara ya nne. Nesi akanigusa bega. Nikainua kidole, ngoja kidogo. Nesi amekuja kuniambia nimepata mwana, na mimi nimemwinulia kidole.

Sauti ya mzee yule naijua hadi leo. Ningemkuta sokoni Gikomba ningemtambua kwa kikohozi. Ya mwanangu siku ile nilisimuliwa.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini alipata mtoto mwaka huo huo. Yeye ameajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili kwa mshahara kamili, na alikaa nazo zote mbili, akiota jua na mtoto kwenye roshani. Mimi nilichukua siku nne, na katika hizo nne nilimaliza zile saa tisa. Mteja alinilipa baada ya miezi miwili na nusu.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa la ratiba. Nikanunua kalenda kubwa ya ukutani. Nikawa naamka saa kumi alfajiri. Nikasoma ushauri wa watu wasio na watoto. Kosa halikuwa hapo. Kosa nililifanya wiki tatu kabla ya mtoto kuzaliwa, kwenye simu, mteja aliponiuliza "unatoza ngapi?" nami nikajibu.

Tufanye hesabu, mlio na kalamu. Mwaka una wiki 52, siku tano tano, hizo ni siku 260. Mwajiriwa ana likizo ya siku 21 za kazi kisheria. Ana sikukuu, tuseme 11. Akiugua, ana siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara. Wewe hakuna anayekupa, kwa hiyo jipe mwenyewe: toa 21, toa 11, toa 7. Zimebaki 221. Sasa toa siku za mtoto: kufungua shule na kufunga, mara tatu kwa mwaka, kikao cha wazazi, kliniki, lile homa la usiku ambalo kesho yake hamna atakayefanya chochote. Mimi huweka 15. Halafu stima na waifai, toa 6. Ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani, mnaikumbuka, na mteja wa ng'ambo hakuamini hata nilipomtumia habari ya gazeti. Zimebaki siku 200.

Kama nyumba yako inahitaji shilingi 60,000 kwa mwezi, hizo ni 720,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 260, unapata kama 2,770 kwa siku. Gawanya kwa 200, unapata 3,600. Tofauti ni zaidi ya shilingi 800, kila siku ya Mungu. Mimi nilikuwa nikimpa mteja hizo 800 bure, nikizitoa kwenye siku za wanangu, halafu usiku nalalamika kwamba sina muda. Mwaka wa kupata mtoto toa siku 10 zaidi, ndizo zile wiki mbili za jirani. Bei inapanda hadi karibu 3,790. Mimba hukupa notisi ya miezi kadhaa. Hakuna mradi wowote nchini wenye notisi nzuri hivyo.

Na hapo sijagusa mengine. Kampuni ya hapa ikikulipa ada ya kitaalamu itakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla pesa hazijakufikia. SHA, ile bima ya afya ya jamii, ilipoanza Oktoba 2024, wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 mwezi kwa mwezi bila kuhisi sana. Sisi wengine tunapimwa kama kaya, tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hiyo nayo ni ya kuingia kwenye bei.

Mtauliza, wateja walikubali? Wawili walikubali. Mmoja alisema atafikiri, bado anafikiri. Kuna miezi mitano mke wangu ndiye aliyelipa kodi ya nyumba, na nisiwadanganye, ile miezi hatukuongea vizuri. Kama nyumbani kwako hakuna mshahara wa pili, panda polepole, mteja mmoja mmoja, anza na wale wapya wasiojua ulikuwa ukitoza ngapi.

Siku hizi kalenda ya mtoto naiandika kabla ya kalenda ya kazi, kwa sababu yake inajulikana. Chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua miezi 9 na miezi 18. Siku ya wiki ya 6 mke wangu alikuwa amejilaza, nikaenda mimi na kitabu cha kliniki. Benchi zima ni akina mama, nesi ananiuliza mbele ya wote, "Mama wa huyu yuko wapi?" Wale akina mama wakanisifu hadi nikaona aibu. Walikuwa wamebeba watoto wao kama mimi, mmoja alikuwa akijibu ujumbe wa wateja wake wa nguo huku akinyonyesha, na hakuna aliyemsifu. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inasema wajibu wa mama na baba kwa mtoto ni sawa, wameoana au hawajaoana. Akina mama huko nyuma naona mnatikisa vichwa. Tuendelee.

Wangapi hapa wana wateja Marekani? Naona mikono. Basi mnaijua saa kumi jioni. New York inafungua ofisi saa tatu zao za asubuhi, na hapa ni saa kumi jioni. Novemba wanarudisha saa yao nyuma, inakuwa saa kumi na moja, hadi Machi. Sisi saa yetu haigeuki. Na saa kumi ndipo basi la shule linapopiga honi pale chini. Yaani mteja anaamka akiwa na maswali, na mtoto anashuka akiwa na maswali, dakika ile ile. Kwa miaka mingapi mteja ndiye aliyejibiwa? Nikamwandikia kwamba mazungumzo ni Jumanne na Alhamisi, saa tatu usiku wangu, ambayo kwake ni mchana. Nilingoja jibu nikitetemeka. Akajibu neno moja tu, sawa. Miaka minne nilikuwa nikimwogopa mtu ambaye hakuwa na shida.

Na viatu. Nilijaribu kufunga mlango, mdogo akawa anaupiga mateke. Nikajaribu kumweleza, wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Mwishowe nikaanza kuvaa viatu vya ngozi humo humo chumbani, na kamba nimefunga. Baba akiwa na viatu, yuko kazini. Akivaa ndara, amerudi. Mtoto alishika upesi: akifungua mlango hatazami uso wangu, anatazama chini, anafunga. Nikajiona mjanja sana.

Mwezi uliopita nilikuwa na kanda ya haraka, nimepitiliza. Mlango ukafunguka, akatazama chini, akaufunga. Baadaye ukafunguka tena. Akapita chini ya meza, nikasikia vidole vikihangaika na kamba za viatu. Hajui kufungua fundo, alikuwa analikaza. Ndara zangu alikuwa amezibana kwapani. Nikaangalia saa, ilikuwa saa kumi na moja na robo.

Sasa hivi ni saa tano na nusu, na nyumbani nilisema nitafika saa sita. Barabara za Jumamosi mnazijua. Nachukua maswali mawili. Mama yule mwenye kalamu nyekundu, uliinua mkono zamani.

"Mkeo angekuwa hapa, angesema hivyo hivyo?"

Yuko zamu, mama. Anatoka saa moja jioni. Namba yake nitakuachia, kama atakubali.