Badilisha Kumi, Kumi Usiziguse

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Baraka, leo naanza na lalamiko. Juzi mteja kanipigia: "Dada, SEO nililipia tangu mwaka juzi, mbona Google sionekani?" Nililipia! SEO ni kazi ya kuifanya tovuti ionekane watu wanapotafuta Google; yeye utadhani kanunua bati.

BARAKA: Na hata bati huvuja. Nani huyo?

ZUHURA: Jina libaki kwangu. Anauza vitenge vya jumla Kariakoo. Fundi wake wa tovuti alimkabidhi ripoti nene, akabadilisha kila kitu wikendi moja, akachukua chake, kwaheri.

BARAKA: Wenzetu wa programu waliupa kisogo mtindo huo zamani. Mwaka 2001 watu 17 walikutana milimani kule Utah, Marekani, wakatoka na tamko la Agile. Toa kipande kidogo kinachofanya kazi, mwone mtumiaji anavyokitumia, rekebisha, toa kingine.

ZUHURA: Nami nikaanza hivyo hivyo. Nikafungua Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, nikasoma maneno ambayo watu wanaandika hadi duka linatokea. Wanaandika "bei ya vitenge vya jumla". Sasa ukurasa wake wa mbele, kichwa chake, yale maandishi ya kubonyeza kwenye matokeo ya Google, kinasemaje?

BARAKA: Usiniambie "Karibu kwenye tovuti yetu".

ZUHURA: Bora hiyo! "Home".

BARAKA: (anacheka) Duka zima la vitenge, "Home".

ZUHURA: Kurasa za ndani nazo hazikuwa na nafuu. Duka linaonekana mara nyingi, wanaobonyeza wachache. Kwa hiyo nikaandika dhana yangu kabla sijagusa kitu: kichwa kikitaja kitenge na bei, wanaobonyeza wataongezeka.

BARAKA: Kuandika kabla ni muhimu, maana namba zikishatoka kila mtu anakuwa nabii.

ZUHURA: Ila nikachemka. Nilibadilisha vichwa vya kurasa zote kwa mpigo, wiki tatu kabla ya Idi.

BARAKA: Lo! Idi kila mtu anatafuta nguo.

ZUHURA: Namba zikapanda, mteja akafurahi, mimi nikabaki sijui nimshukuru nani, vichwa vyangu au mwezi mwandamo.

BARAKA: Hapo ndipo SEO inapotofautiana na programu ya simu. Kwenye programu, nusu ya watumiaji unawaonyesha kitufe chekundu, nusu cha kijani. Google yeye anausoma ukurasa ule ule mmoja. Basi unagawa kurasa badala ya kugawa watu. Pinterest, ule mtandao wa picha, walieleza mwaka 2015 wanavyofanya: kundi moja la kurasa linabadilishwa, jingine linaachwa kama lilivyo, kisha wanalinganisha. Idi ikija inayapandisha makundi yote mawili, na pengo linalobaki kati yao ndilo lako.

ZUHURA: Pinterest wana mamilioni ya kurasa, kaka. Mteja wangu ana 40.

BARAKA: Kwa 40 hupati uhakika wa kitakwimu, tusidanganyane. Unapata dalili. Badilisha 10, acha 10 zinazofanana nazo, na ugusie jambo moja tu: kama ni kichwa, ni kichwa, picha na maelezo subiri. Hata dalili hiyo ni zaidi ya alichokuachia yule fundi wa ripoti nene.

ZUHURA: Na muda? Watu wa Agile wengi wanazunguka wiki mbili mbili.

BARAKA: Ukizunguka hivyo na Google utazunguka bure. Wenyewe wanasema badiliko linaweza kuonekana baada ya saa chache au baada ya miezi kadhaa. Sasa mtu anapima siku ya tatu, anaona kimya, anarudisha kichwa cha zamani. Hapo amepima nini? Mimi kazi naipanga kwa wiki mbili, lakini matokeo nayapa mwezi au zaidi, na huku nashughulikia kundi jingine. Tarehe zote naziandika daftarini, kwa sababu Google nao hubadilisha kanuni zao katikati ya jaribio lako, na Search Console inakutunzia takwimu za miezi 16 tu.

ZUHURA: Daftari la karatasi?

BARAKA: La karatasi. Halihitaji nywila.

ZUHURA: Haya, bingwa wa daftari. Kurasa za vipindi vyetu wenyewe, vichwa vyake vinasemaje?

BARAKA: (kimya kidogo) "Kipindi cha 1". "Kipindi cha 2".

ZUHURA: Baraka!

BARAKA: Kumi nabadilisha leo usiku.

ZUHURA: Na hizo nyingine?

BARAKA: Usiziguse. Hata ukiona aibu.