Usifomati Kwanza: Mazungumzo juu ya Mafaili Yaliyofichwa
Mhadhara uliotolewa mjini Lamu mbele ya walimu, wanafunzi na wenye maduka ya kuchapisha

Asalaamu alaikum. Maalim, wazee wangu, kina mama, vijana, karibuni. Walio nyuma sogeeni, maana leo kuna cha kutazama ukutani, si cha kusikiliza tu.

Dada hapa mbele amekubali kunipa flashi yake. Anasema ina picha za harusi ya nduguye, na tangu alipokwenda kuchapisha karatasi dukani, haielewi tena. Tazameni. Folda tatu: Harusi, Kupamba, Kazi za Shule. Mwaona kile kimshale kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto? Folda ya kweli haina mshale. Hizi ni shotikati, yaani vijia vya mkato vinavyoelekeza tu mahali kitu kilipo, na kila moja ina ukubwa wa kilobaiti mbili. Picha za harusi ya Lamu, na vile harusi zetu zilivyo na siku nyingi, zitaenea wapi katika kilobaiti mbili? Sasa natoka nje, nabofya kulia flashi yenyewe, naingia Properties. Nafasi iliyotumika: gigabaiti sita. Mali ingalimo humu humu. Haikwenda popote.

Basi hapa ndipo mtu huambiwa, “Ni virusi, tufomati.” Wengine wamebeba kompyuta nzima kwa mashua hadi Mokowe, wakapanda basi mpaka Mombasa, ili wakaambiwe neno hilo hilo. Mimi nasema fomati, yaani kufuta kila kilichomo ili kuanza upya, ni dawa ya mwisho, na fundi anayeanza nayo ana haraka ya kufunga duka.

Kilichotendeka ni hiki. Kirusi hakikufuta kitu. Kimezipiga folda zako alama mbili: moja inasema “hii imefichwa”, nyingine inasema “hii ni ya mfumo”. Kisha kikaunda shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya, folda yako inafunguka kama kawaida usije ukashuku, na nyuma yake kirusi kinajiendesha na kuhamia kwenye kompyuta. Flashi ya pili ikichomekwa hapo, nayo inaondoka nacho.

Na alama zenyewe ni jambo dogo la kushangaza. Katika mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, uliotokana na ule wa enzi za DOS, kabla ya Windows, na ambao bado uko kwenye flashi nyingi, kila faili lina sehemu yake ya baiti 32 katika orodha: jina, tarehe, ukubwa, na baiti moja ya sifa. Ndani ya baiti hiyo mna biti, kama swichi ndogo ndogo: moja ikiwashwa faili limefichwa, nyingine ikiwashwa ni la mfumo. Basi. Picha zako hazikuguswa hata nukta.

Tuzivue alama. Nafungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, naandika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ile h ni ya kufichwa, r ni ya kusomwa tu, s ni ya mfumo, na alama ya kutoa ina maana ya kuondoa. Ile /s inaiambia iingie mpaka kwenye folda za ndani, na /d isiziache folda zenyewe. E ni herufi ya flashi kwenye kompyuta hii, yako yaweza kuwa F au G, kwa hivyo angalia kabla ya kuandika. Usijaribu amri hii kwenye C, huko ndiko Windows yenyewe inakokaa. Nabonyeza Enter, tunangoja kidogo... Hizo. Dada, ndizo? Ndizo, anasema.

Sasa shotikati zifutwe, zisibofywe. Halafu flashi ichunguzwe kwa programu ya kuzuia virusi, na ile kompyuta ya nyumbani vilevile. Ukisafisha flashi ukaiacha kompyuta, kesho tutarudi hapa hapa.

Maalim ananiuliza kwa nini tusitumie menyu. Swali zuri, maana menyu ina mtego. Katika Windows 10, kwenye dirisha la mafaili, unakwenda View, unatia tiki Hidden items. Katika Windows 11 ni View, kisha Show, kisha Hidden items. Lakini folda hizi za kirusi hazitatokea, kwa kuwa zina pia ile alama ya pili, ya mfumo. Itakubidi uingie Options, kwenye ukurasa wa View, uondoe tiki ya Hide protected operating system files. Windows itakuonya. Kubali, tazama unachokitafuta, ukimaliza uirudishe.

Kwenye ukurasa huo huo iko tiki nyingine ambayo mimi naiondoa kwenye kila kompyuta ninayoishika, wala siirudishi: Hide extensions for known file types. Hiyo huficha mkia wa jina la faili. Mei 2000 ilisambaa duniani barua pepe ya mapenzi kutoka Ufilipino, na faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona TXT tu, wakadhani ni barua ya kusoma. Ule mkia vbs, ambao ndio programu yenyewe, kompyuta zao ziliuficha. Mpaka leo mtu huletewa “ankara.pdf” ambayo kwa kweli ni ankara.pdf.exe.

Wenye Mac na Linux, kwenu kuna kanuni ya nukta: jina likianza na nukta, faili halionekani. Rob Pike, mmoja wa watu wa Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani ilikoanzia kanuni hii, ameeleza kwamba haikukusudiwa. Kila folda ya Unix ina vitu viwili, nukta moja na nukta mbili, na programu ya kuorodhesha mafaili ilitakiwa iviruke hivyo tu. Aliyeiandika akafupisha kazi, akaifanya iruke chochote kinachoanza na nukta. Waandishi wa programu wakapata pa kurundika mipangilio yao hadi leo. Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na nukta. Kwenye Linux nyingi ni Ctrl na H. Na Android imejengwa juu ya Linux, kwa hivyo, vijana, zile status za WhatsApp mlizozitazama zinakaa kwa muda kwenye folda iitwayo .Statuses. Naona wengine mmeshatoa simu.

Maalim mwingine anataka kuficha mitihani kwa njia hii. Hapana, maalim. Katika nyumba zetu za mawe mgeni huishia dakani, pale kibarazani mwa mlango, lakini ndani kuna mlango na komeo. Faili lililofichwa halina mlango. Mwanafunzi wako akitia tiki moja tu, anao mtihani. Katika Word nenda File, Info, Protect Document, uchague Encrypt with Password, na hilo neno la siri liandike mahali, maana ukilisahau hata mimi sitakusaidia.

La mwisho, la nafasi. Anayesema C imejaa, atazame hiberfil.sys: faili lililofichwa la gigabaiti kadhaa, ambamo Windows humwaga kumbukumbu ya kompyuta inapolala kabisa. Kama huitumii hiyo Hibernate, fungua Command Prompt kama msimamizi (Run as administrator) uandike powercfg /h off, nalo litaondoka. Jirani yake, pagefile.sys, ambalo Windows hulitumia kama kumbukumbu ya ziada, muache. Na vile vijifaili vinavyoanza na ~$ kando ya hati zako ni vya Word, huonyesha kwamba hati iko wazi. Umeme ukikatika hubaki. Funga Word, uvifute.

Nani mwingine ameleta flashi?