Zinki imo kwenye uwele, ila imenaswa
Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Dodoma

Shikamooni wakubwa zangu. Na wengine, habari za asubuhi.

Nani hapa hajawahi kumpelekea mama vidonge vya zinki kwa ajili ya mtoto anayeharisha? Sioni mkono. Miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14, pamoja na ORS, yale maji ya chumvi na sukari. Ndivyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoelekeza mwaka 2004. Basi zinki mnaijua, ila mnaijua kama dawa ya mtoto. Mimi leo nina shida na huyo aliyembeba mtoto mgongoni.

Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad, akiwa Shiraz kule Iran, alieleza habari za vijana wa kiume waliodumaa na kuchelewa kubalehe. Chakula chao kikuu kilikuwa mkate wa ngano usiochachuliwa, na juu yake walikuwa wanakula udongo. Uchunguzi uliofuata Misri, kwa vijana waliodumaa namna hiyohiyo, ukaonyesha kwamba walipungukiwa na zinki. Naona akina mama wa nyuma mnatazamana. Ndiyo, nazungumzia pemba, ule udongo unaouzwa sokoni, ambao mjamzito anautafuna huku akiuficha kwenye kanga. Udongo wa namna hiyo unaweza kushika madini tumboni yakapita bila kuingia mwilini. Usimgombeze, muulize tu kwa upole anakula kiasi gani.

Sasa mkate ule ulikuwa na kosa gani? Punje ya nafaka ina kitu kinaitwa fiteti. Ni akiba ya fosforasi kwa ajili ya mche utakaoota. Ikifika tumboni mwetu inanasa zinki kama ulimbo unavyonasa ndege. Uwele wetu una karibu miligramu 3 za zinki katika gramu 100, si haba hata kidogo. Mwanamke anahitaji kama miligramu 8 kwa siku, akiwa mjamzito 11, akinyonyesha 12, na anayeishi kwa nafaka zisizokobolewa huhitaji zaidi kwa sababu ya ulimbo huo. Ukipiga hesabu kwa kutazama unga tu, utadhani kila nyumba ya Bahi na Chamwino imeshiba zinki.

Wengine watasema, basi tule sembe, haina fiteti nyingi. Kweli. Lakini kinu kinapoondoa pumba na kiini kinaondoa na zinki, inabaki chini ya miligramu 1. Hapo umemwua nyoka na kuvunja chungu.

Na sembe haiji peke yake. Inakuja na chai ya sukari, chapati, soda, mafuta ya kukaangia. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, na asilimia 45 wana upungufu wa damu. Hesabu hizo mbili zinaweza kukutana kwa mama mmoja. Msidanganywe na mwili, mtu ananenepa huku madini yamempungukia.

Na unene huo huita kisukari na presha. Zinki inaingiaje kwenye sukari? Ndani ya kongosho, insulini inahifadhiwa kwa mafungu ya molekuli sita sita, na kinachofunga fungu ni zinki. Kwa hiyo uhusiano upo. Lakini sitaki kesho nisikie mtu anauza vidonge vya zinki kama dawa ya kisukari. Majaribio yaliyofanyika yameonyesha nafuu ndogo ya sukari, hasa kwa wanaougua tayari, na majibu yake hayalingani. Anayezidisha, akapita miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, anaifukuza shaba mwilini na lehemu nzuri, yaani kolesteroli ile njema, inashuka. Mwenye dawa zake za presha aendelee nazo. Mjamzito aendelee na FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki.

Kupima zinki kwenye damu tuache. Iliyomo kwenye damu ni sehemu ndogo sana ya iliyomo mwilini, na inashuka kwa maambukizi na kwa ujauzito wenyewe. Tupime kiuno na presha, tuulize chungu cha jikoni.

Kwenye chungu, bibi zetu walitutangulia. Kimea na togwa vilikuwa vinafungua ulimbo ule. Punje ikilowa na kuanza kuota, inazindua kimeng'enya kinachovunja fiteti, na uchachu unamalizia kazi. Huhitaji mashine. Loweka uwele usiku kucha, mwaga maji, funika kwa gunia bichi siku mbili, anika mpaka ukauke kabisa usije ukaota ukungu, kisha saga. Ukitumia mtama, pukuta mizizi na machipukizi kabla ya kusaga, maana mtama unaoota una sumu ya sianidi.

Mboga nayo isaidie: karanga au ufuta kwenye mlenda, dagaa, nyama siku ikipatikana. Magadi kwenye mlenda punguzeni, hiyo ni sodiamu kama ilivyo chumvi, na presha haijali jina.

Ile ndoo pale mlangoni ni uwele niliouloweka siku tatu zilizopita. Naomba wawili wanisaidie kuubeba nje, tuuanike kabla jua halijapanda, maswali tutaulizana hukohuko kwenye mkeka.