Iacheni Taa Ipumue

Ndugu mafundi, nitasema lile lile la siku zote: acheni kuziba matundu ya kupumulia ya taa za mbele. Najua mmechoka kulisikia. Nami nimechoka kuona taa zilizopakwa silikoni pande zote, na ndani bado zinatoa jasho.

Geuza taa utazame mgongo wake. Utakuta vijipira vilivyopinda, midomo yake ikitazama chini. Nyingine zina kiraka kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Ukiwasha, glopu ya halojeni, ile ya kawaida ya wati 55, inapasha hewa ya ndani, inatanuka, inatoka. Ukizima, hewa inapoa, inasinyaa, inavuta nyingine kutoka nje. Mvuto huo hauzuiliki. Ukiziba tundu, taa itavutia kwenye mpira wa glopu au kwenye kiungo cha kioo, na huko ndiko maji yalikokaa. Gari limetoka Masaka usiku, taa zinachoma, likifika tu Kampala linapigwa maji baridi ya presha. Unategemea nini?

Kuna atakayeniambia, "Mwalimu, tundu wazi si ndilo litaingiza mvua?" Mvua ya kupanda juu umeiona wapi? Maji huingia pale kijipira kilipong'oka, na mara nyingi kilimtoka fundi aliyekuwa akifungua bampa, asikirudishe. Anza hapo. Kisha tazama kama kimejaa vumbi letu jekundu: king'oe, kioshe kwa sabuni, kikauke, ukirudishe. Kompresa iweke mbali, itasukuma uchafu ndani au kupasua kiungo.

Na si kila ukungu ni ugonjwa. Ule mwembamba wa asubuhi ya mvua, unaoondoka taa zikiwaka nusu saa, uache. Matone yanayotiririka, au maji yaliyotuama chini, hayo ni ya kuvuja.

Na nyinyi mnaofunga glopu za LED! Mnakata mpira wa nyuma ili feni ya glopu hiyo ipate nafasi, halafu mnalaumu mvua. Tena LED haipashi kioo kama halojeni, kwa hiyo ukungu unakawia kuondoka.

Kukausha, haraka haraka: toa taa, glopu na mipira, mwaga maji, tumia draya ya saluni kwa moto mdogo, umbali wa sentimita 20, dakika 20, ukiisogeza. Usifute kiakisi, ule uso wa ndani unaong'aa, kwa kitambaa. Utando wake wa alumini utaondoka nacho. Glopu ya halojeni usiishike kioo kwa vidole.

Kutafuta uvujaji: paka povu la sabuni kwenye kiungo, ziba kwa muda matundu mengine, puliza kwa mdomo kupitia kijipira kimoja. Penye mapovu ndipo pa kupaka silikoni. Silikoni inayonuka siki usiitumie, asidi yake inakula kiakisi. Chukua isiyonuka hivyo, uiache saa 24 kabla ya maji.

Habari ya kufungua kioo kwa joto nimeiruka, saa imekwisha. Vipakiti vya kunyonya unyevu? Vinajaa, basi. Kutoboa chini kwa drili? Hapana! Wewe uliyekuja na taa yenye silikoni, ilete hapa mezani, na kisu.