Usukani wa Dakika ya Mwisho

Asanteni sana. Wale mliosimama mlangoni njooni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie usalama wa magari yanayojiendesha, na mwenyeji wangu ameniandikia mada sita kwenye karatasi. Nitajitahidi. Lakini kuna jambo moja nimelisema kwa miaka na leo nitalisema tena, kwa sababu kila ajali ya magari haya ikitokea nasikia maneno yaleyale: "Dereva hakuwa makini." Maneno hayo yamenichosha. Yanafunga mjadala pale hasa ulipopaswa kuanza.

Baba yangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kazi ya utingo wake ilikuwa turubai, matairi na mizigo, lakini usiku, kuanzia Mikumi, kazi yake ilikuwa kuongea. Akiishiwa habari, aulize maswali. Akiishiwa maswali, abishane kuhusu Simba na Yanga. Ole wake asinzie! Na mzee huyo alikuwa anakanyaga klachi, anabadili gia, anaupanda mlima Kitonga kona kwa kona. Mikono na miguu yote ilikuwa kazini, na bado alijua kwamba akili ya mtu aliyekaa kwenye kiti kwa muda wa saa nane inataka mwenzake wa kuishikilia.

Sasa mchukueni dereva huyo. Mnyang'anyeni gia, pedali na usukani, kisha mshusheni utingo njiani. Halafu mwambieni: wewe kaa hapo, tazama barabara, usiguse kitu. Leo gari halitakosea. Kesho halitakosea. Iko siku litakosea, hatujui lini, na siku hiyo utakuwa na sekunde moja ya kuokoa maisha ya mtu. Kuna binadamu wa kuiweza kazi hiyo? Mimi siiwezi, na sijakutana na anayeiweza.

Wengi wenu mnaijua ajali ya Tempe, mji wa jimbo la Arizona, Marekani, ya tarehe 18 Machi 2018, kwa hiyo siisimulii yote. Nataka mtazame saa tu. Ilikuwa saa nne kasoro usiku. Mwanamke wa miaka 49 anavuka barabara pana akisukuma baiskeli. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, Volvo iliyofungwa rada, kamera na vihisi vya leza, linakuja kwa takriban kilomita 70 kwa saa. Rada inamwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Sekunde 5.6, ndugu zangu! Kwa mwendo ule ni zaidi ya mita 100. Baba yangu angesimamisha lori.

Gari lilimwona, lakini halikumtambua. Mara programu ikasema ni gari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni baiskeli. Na kila ilipobadili jina ilitupa kumbukumbu ya alikotoka, ikaanza upya kukisia anakoelekea. Haikuwa imetengenezwa kutarajia mtu avuke mahali pasipo na kivuko. Ilipokuja kukubali kwamba kuna hatari, imebaki sekunde 1.2. Hapo, kwa jinsi ilivyopangwa, ikajizuia kwa sekunde nzima isifunge breki, kwa sababu wahandisi walichoshwa na gari linaloshtuka bure. Volvo yenyewe ilitoka kiwandani na mfumo wake wa breki za dharura. Huo ulikuwa umezimwa kila gari lilipokuwa chini ya kompyuta ya Uber.

Mlinzi wa mwisho ni nani? Ni yule aliyeketi nyuma ya usukani. Naye alikuwa anatazama kipindi kwenye simu. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilichunguza picha za kamera ya ndani ikakuta kwamba karibu theluthi ya safari macho yake yalikuwa chini.

Najua mnachotaka kusema. "Mwalimu, huyu alikuwa kazini, analipwa, simu ya nini?" Kweli, alikosea, na mwaka 2023 alikiri kosa mahakamani akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Simtetei. Lakini mshahara haununui umakini. Mshahara unamleta mtu kwenye kiti, basi. Aliuzunguka mzunguko uleule usiku baada ya usiku, na gari likafanya vizuri usiku baada ya usiku. Gari lenyewe ndilo lililomfundisha kwamba hahitajiki. Na sikilizeni hili, maana ndilo linaloniuma: miezi michache kabla ya ajali, kila gari la majaribio lilikuwa na watu wawili. Wa pili alikuwa anaandika kumbukumbu za safari, lakini alikuwa jozi ya pili ya macho na mdomo wa kuongea. Kampuni ikamwondoa, akabaki mmoja. Walimshusha utingo! Bodi ile iliitaja kampuni katika sababu za ajali: haikupima hatari vya kutosha, haikuwasimamia madereva wake. Lakini aliyesimama kizimbani ni mmoja tu.

Msidhani hili ni jipya, kwamba tumelijua juzi kwa sababu ya kompyuta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na watu wanaotazama skrini ya rada ndani ya ndege kwa saa nyingi, wakitafuta nyambizi. Watu hodari, wenye kila sababu ya kuwa macho, maana ni vita. Wakawa wanazikosa. Mwanasaikolojia Norman Mackworth, wa Cambridge, akatengeneza kitu kinachofanana na saa. Mshale wake unaruka hatua moja kila sekunde. Mara chache unaruka hatua mbili. Ukiona mruko wa hatua mbili, bonyeza. Basi, hakuna kingine. Saa mbili nzima. Matokeo aliyachapisha mwaka 1948: ndani ya nusu saa ya kwanza tu, watu walianza kuikosa miruko iliyo mbele ya macho yao. Si uvivu. Ndivyo ubongo ulivyo. Hauwezi kusubiri kitu kisichokuja bila kuondoka. Leo mtu anauziwa gari linaloenda lenyewe kilomita 300 halafu anaambiwa, katika maandishi madogo, awe makini muda wote.

Kuna ndugu pale nyuma anatikisa kichwa, na hoja yake naijua kwa sababu naisikia kila mahali. Anasema: binadamu ndiye muuaji mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 barabarani mwaka 2021, na mashine hailewi wala hailali. Nakubali! Sijaja hapa kuipinga mashine. Nampinga anayeigawa kazi vibaya. Google walilielewa mapema. Waliwapa wafanyakazi wao magari ya majaribio, wakawaambia yaangalieni. Kamera ikawaonyesha wakifanya mambo mengine. Mmoja aligeuka kutafuta chaja ya simu kiti cha nyuma, gari likiwa kwenye barabara kuu. Kampuni ikaamua njia ya katikati haifai: ama gari liendeshe lote, au mtu aendeshe. Teksi za Waymo, kampuni iliyozaliwa na mradi huo wa Google, zinazobeba abiria bila dereva zimetoka kwenye uamuzi huo. Zina matatizo yake, lakini angalau hazimtegemei mtu aliyechoka kusubiri.

Mnaweza kupanga kazi kinyume chake pia: mtu aendeshe, mashine imlinde. Mashine haichoki kusubiri. Breki ya dharura inaweza kukaa miaka kumi bila kuitwa na siku ya siku ikaitika. Mtu ashike kazi inayomweka macho, mashine ishike ulinzi. Mbona tumegeuza?

Muda unaniishia, naona karatasi inapungwa. Nipite haraka.

Kuhusu majina: gari ambalo mwenye nalo lazima awe macho kila sekunde haliwezi kuitwa Autopilot, yaani rubani wa mashine, kama Tesla walivyouita mfumo wao. Jina linamwambia mnunuzi kinyume cha onyo. Kuhusu kumchunguza dereva: kupima kama mkono uko kwenye usukani hakutoshi, watu wananing'iniza uzito kwenye usukani kuudanganya mfumo. Kamera inayotazama macho ni afadhali. Desemba 2023 Tesla iliyaita magari zaidi ya milioni mbili nchini Marekani kwa marekebisho ya programu kuhusu jambo hilihili. Ngazi ya tatu ya kujiendesha, ile ya Mercedes iliyomruhusu dereva aache kutazama barabara kwenye foleni, naiacha. Inataka mhadhara wake.

La mwisho linatuhusu sisi. Magari yaliyotumika tunayoagiza Japani sasa yanakuja na kamera juu ya kioo cha mbele, yanafunga breki yenyewe, yanapiga kelele ukitoka kwenye mstari. Na yanaongea Kijapani. Unawasha gari, mama mmoja anakuambia jambo, hujui anakukaribisha au anakuonya. Nimepanda magari ambayo taa ya onyo imewaka hata mwenyewe haioni tena, na kelele zimezimwa na fundi kwa sababu zinaudhi. Kioo kikivunjika kinabadilishwa, kamera inarudishwa kwa gundi, nayo inatakiwa ipimwe upya ielekee sawasawa. Mwulizeni anayewabadilishia vioo kama anaipima. Wale wa uhandisi humu ndani, nawataka mniandikie hili kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: taa ipi ina maana gani, mfumo upi umezimwa, nani anaweza kuupima. Niko tayari kukaa nanyi Jumamosi yoyote.

Haya, dada wa mstari wa tatu, mkono uko juu tangu Tempe. Uliza.