Kijana Hadaiwi Jibu

Rehema: Karibuni wasikilizaji. Leo mimi na kaka Idi tunawazungumzia vijana wa kiume wanaovaa sketi, wanaopaka wanja na rangi ya kucha, kisha wakajirekodi na kujionyesha mtandaoni, na hasa lile swali linalowaandama kila wanapofanya hivyo: je, wewe ni shoga?

Idi: Swali hilo, dada Rehema, linafunga mambo mawili katika furushi moja. Mtu anavyovaa na kujipamba ni jambo moja, na anayempenda ni jambo jingine. Wapo wanaojiita mafemboi, yaani wavulana wanaopenda mavazi na madaha yanayohesabiwa kuwa ya kike huku wengi wao wakijitambua kuwa wanaume, na miongoni mwao wamo wanaowapenda wanawake, wanaowapenda wanaume, na wanaowapenda wote.

Rehema: Na neno lenyewe hubadilika kulingana na anayeelekezewa. Wanawake huitana shoga kwa mapenzi, lakini kijana wa kiume akiitwa hivyo huwa ametukanwa, ndiyo maana wengi wanaowapenda wa jinsia yao hupendelea kujiita makuchu.

Niliwahi kutazama video ya kijana ambaye hakuonyesha uso. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelazwa juu ya daftari, na wa kulia, uliokuwa ukitetemeka kidogo, ulikuwa ukipaka rangi ya zambarau. Kidole gumba kilimshinda. Rangi ilimwagikia ngozini, akaifuta kwa pamba, akaanza upya. Hakusema neno hata moja mpaka mwisho. Chini ya video, karibu kila aliyeandika alimtaka aseme yeye ni nani hasa. Iliniuma sana.

Idi: Shinikizo hilo lilimpata Kit Connor, mwigizaji wa Uingereza aliyeigiza kijana anayempenda mvulana mwenzake katika tamthilia ya Netflix. Watazamaji walimtuhumu kwamba anawatega makuchu kwa chambo, yaani anajifanya mmoja wao ili awavutie tu, hasa baada ya kuonekana ameshikana mikono na mwanamke. Alijiondoa Twitter, kisha mwishoni mwa Oktoba 2022 akarudi kwa muda mfupi kutangaza kwamba anavutiwa na wanaume na wanawake, akiwaambia waziwazi kwamba wamemlazimisha kijana wa miaka 18 kujifichua. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba wengi wa waliomshinikiza walidhani wanawatetea makuchu.

Rehema: Hata hivyo, kaka, tusipuuze thamani ya kujitangaza. Mwaka 2010 mwandishi wa Marekani Dan Savage na mumewe Terry Miller waliweka video YouTube kuwaambia vijana wanaoonewa shuleni kwamba maisha hubadilika kuwa bora, na maelfu ya watu wakafuata kwa simulizi zao. Kijana aliyejifungia chumbani akidhani yuko peke yake aliwaona watu wazima wanaofanana naye, wakiwa hai na wakiwa na furaha.

Idi: Nakubali kabisa, lakini hao walisema kwa hiari yao na kwa wakati wao. Kuna pia dhuluma ya upande wa pili. Mwaka 2019 TikTok ilikiri kwamba ilikuwa imepunguza usambazaji wa video za watu iliowaona kuwa rahisi kuonewa, wakiwemo makuchu na watu wenye ulemavu, kwa hoja ya kuwakinga. Anayeonewa ndiye aliyefichwa, na anayemwonea akaachwa aendelee kuandika. Kijana anabanwa aseme, na akisema anafunikwa.

Rehema: Kwa hiyo siku ile sikumuuliza kitu yule kijana. Nilimwandikia kwamba akipaka mafuta ya mgando kuzunguka kucha kabla ya kuanza, rangi haitashika ngozini. Baada ya dakika chache alijibu kwamba kesho atajaribu kupaka kucha za mkono wa kulia, ambao ndio mgumu zaidi.